Yakuti iliyotolewa bure: nani mshika ufunguo?

Jioni moja ya Septemba mwaka 2025, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Mombasa, kikombe cha kahawa chungu mkononi na kashata pembeni, alipofika mpwa wangu uso umemshuka kama mtu atokaye matangani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba baba. Mbona hivyo? Kwema?"

"Kwema kiasi, mjomba. Wenye vito wamegombana. Wale waliokuwa na funguo za ghala wamenyang'anywa."

Nami, masikini wa Mungu, nikadhani asemao ni masonara. Nikamwuliza ni duka la nani, na kama polisi wamekwisha kuarifiwa. Kijana akacheka juu ya huzuni yake, akaketi, akamiminiwa kahawa, kisha akaanza kunieleza. Maelezo yale yalitukalisha mpaka usiku mkubwa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatia habari ile kama mtu afuatiaye kesi ya jamaa yake. Leo nawaletea wasomaji wa ukurasa huu, kwani ingawa kwa sura yake ni habari ya kompyuta, kwa undani wake ni habari ya amana. Na amana, ndugu zangu, ni jambo litugusalo sote.

Mimi si mtu wa mashine hizi. Kwangu kompyuta ni taipureta yenye kioo. Lakini nilikaa chuoni kwa mwalimu wangu tangu utotoni, nikafunzwa kwamba lugha yoyote ina sarufi yake, na kwamba mtu asiidharau lugha asiyoijua. Basi nilipoambiwa kwamba kompyuta nazo huamrishwa kwa lugha, na kwamba lugha hizo zina wajuzi, wapenzi na wagomvi wake kama zilivyo lugha za wanadamu, masikio yalisimama.

LULU, MARIJANI NA YAKUTI

Lugha aitumiayo mpwa wangu kuchumia riziki yake yaitwa Ruby, yaani yakuti, kile kito chekundu. Aliyeitunga ni Mjapani, jina lake Yukihiro Matsumoto, aliyezaliwa mwaka 1965, ambaye wenziwe ulimwengu mzima humwita Matz kwa mapenzi. Alianza kazi yake tarehe 24 Februari 1993, naye akiwa bado kijana asiye na miaka thelathini, na siku hiyo hiyo ndipo jina lilipopatikana.

Jina lenyewe lina kisa. Wakati ule kulikuwako lugha nyingine mashuhuri iliyotungwa na Mmarekani Larry Wall mwaka 1987, iitwayo Perl, ambalo ni neno la lulu lililopunguzwa herufi moja. Matsumoto alikuwa akizungumza kwa maandishi na rafiki yake Keiju Ishitsuka, wakitafuta nao jina la kito. Yakaja majina mawili: marijani na yakuti. Wakaichagua yakuti, ambayo ilikuwa kito cha mwezi aliozaliwa mwenzao mmoja wa kazini. Baadaye Matsumoto akatanabahi kwamba katika mpango wa Wazungu wa kuupa kila mwezi kito chake, lulu ni ya Juni na yakuti ni ya Julai. Basi yakuti ikawa imeifuata lulu bila ya mtu kukusudia.

Mpwa wangu alipofika hapo nilitua kikombe. Mtoto yeyote wa chuoni aliyeisoma Suratur-Rahman ajua kwamba humo lulu na marijani zimetajwa pamoja, na mbele yake zikatajwa yakuti na marijani. Sisemi kwamba bwana yule wa Japani alikuwa na hilo moyoni, la hasha! Ni watu wawili tu waliokuwa wakichezea majina. Lakini nilihisi kama mgeni wa mbali amebisha hodi kwa jina nilijualo, na tangu hapo nikasikiliza kwa makini zaidi.

LUGHA YA FURAHA

Nilimwuliza kijana: "Lugha za mashine ni nyingi, wasema. Huyu aliona upungufu gani hata akatunga yake?"

Akanijibu kwamba lugha nyingi zimetungwa kwa kuihurumia mashine, ipate kufanya kazi upesi. Matsumoto yeye aliamua kumhurumia mtu. Amekuwa akisema miaka yote kwamba makusudio yake ni mwandishi wa programu afurahi anapoandika, na kwamba lugha isimshitue aliyeizoea kwa mambo asiyoyatarajia.

Akanipa mfano. Ukitaka kompyuta itoe neno "Karibu" mara tano, katika lugha nyingi za zamani yakupasa kwanza uunde kihesabio, ukianzishe kwa sufuri, ukiambie kiongeze moja moja, tena ukiambie kikome kifikapo tano. Katika Ruby waandika tarakimu 5, waweka nukta, kisha neno la Kiingereza lenye maana ya "mara", halafu wataja unalotaka litendwe. Yaani: tano, mara, toa Karibu. Hata tarakimu yenyewe ni kitu kiwezacho kuambiwa jambo kikajibu.

Kisha akafanya lililonifurahisha kuliko yote. Akatunga kitenzi cha Kiswahili, "salimu", akaieleza mashine maana yake kwa mistari mitatu, na tangu dakika ile mashine ikawa yalijua neno hilo na kulitii. Sisi washairi twaijua raha ya lugha ikubaliyo kuongezwa neno. Lakini papo hapo akanitahadharisha. Ruby haikuruhusu kuongeza maneno tu. Yakuruhusu pia kuyageuza maneno ya asili maana zake. Waweza, ukitaka, kuliambia neno la kujumlisha litoe. Sheria ya lugha haikukatazi. Kinachokukataza ni adabu yako na kuwahurumia watakaoisoma kazi yako kesho.

Nawaomba wasomaji waliweke neno hilo akilini, kwani ndilo litakaloturudia mbele: uhuru mkubwa, uliotegemea adabu.

MJI ULIOPOKEA KITO

Matsumoto hakuiuza lugha yake. Tarehe 21 Desemba 1995 aliitoa bure kwa Wajapani wenziwe, na toleo la 1.0 likafuata tarehe 25 Desemba 1996. Tangu mwaka 2013 imekuwa desturi kila tarehe 25 Desemba kutoka toleo jipya, na tarehe hiyo ya mwaka 2025, miaka thelathini tangu lugha kutolewa hadharani, likatoka toleo la 4.0.

Tangu mwaka 1997 Matsumoto amekuwa akifanya kazi Matsue, mji wa ukingoni mwa ziwa Shinji katika jimbo la Shimane, mbali na kelele za Tokyo. Mwaka 2006 mji huo uliamua kuifanya Ruby kuwa nembo yake, kama vile mwingine anavyojulikana kwa vyungu vyake au kwa mikeka yake, ili vijana wasikimbilie miji mikubwa wote. Mwaka 2009 ukaanzisha mkutano wa kila mwaka wa wajuzi wa Ruby wa ulimwengu, na ukampa Matsumoto uraia wa heshima.

Nje ya Japani lugha ilijulikana pale Dave Thomas na Andy Hunt walipoandika kitabu chake cha kwanza cha Kiingereza mwaka 2000. Lakini aliyeifungulia milango ni kijana wa Denmaki, David Heinemeier Hansson. Mwaka 2004 alitoa, naye bure pia, mkusanyo wa zana za Ruby uitwao Rails, ambao ulimwezesha mtu au watu wawili kujenga kwa majuma machache mtambo wa intaneti uliokuwa ukihitaji kundi zima na miezi mingi. Makampuni kama GitHub, Shopify na Airbnb yalianza kwa zana hizo.

Wako walioilaumu Ruby kwa uzito. Mwenye kumhurumia mtu, walisema, ameionea mashine. Matsumoto hakukana. Mwaka 2015 alitangaza kwamba toleo la tatu litakusudia kasi mara tatu ya toleo la 2.0, na toleo hilo likatoka Desemba 2020. Mwaka uliofuata mafundi wa Shopify wa Kanada waliongeza ndani ya Ruby kifaa kiitwacho YJIT, kiitafsiricho programu kuwa amri za mashine huku programu yenyewe ikiendelea kwenda, ili mbio ziongezeke. Nao wakakitoa bure. Aliyekunywa kisimani alirudi na kamba mpya.

VITO NA GHALA LAKE

Sasa tufike kwenye vito vyenyewe. Katika Ruby, kipande cha kazi alichokitengeneza mtu akakifunga vizuri ili wengine wakitumie huitwa kito. Mmoja ametengeneza kito cha kusoma tarehe, mwingine cha kutuma barua, wa tatu cha kupunguza picha. Anayejenga mtambo hahitaji kuanza upya kila kitu. Huchukua vito vya wenziwe, akaongeza chake.

Zana ya kuvifunga na kuvigawa vito hivyo, iitwayo RubyGems, ilianzwa Novemba 2003 na watu wachache waliokutana mkutanoni Austin, Texas, ikatolewa tarehe 14 Machi 2004. Baadaye ikaja ndugu yake, Bundler, ambayo kazi yake ni kuandika orodha ya vito vyote ambavyo mtambo wahitaji na matoleo yake hasa, ili utakachojenga leo Mombasa kiwe kile kile kitakachokwenda kesho Nairobi au Osaka. Ghala la vito lina zaidi ya 100,000 hivi sasa, na mpwa wangu asema hajui mtu afanyaye kazi ya Ruby ambaye haligongi mlango kila siku.

Ni nani alikuwa akilitunza? Hapa ndipo penye fundo. Zana zilitunzwa na watu waliojitolea, wengine kwa ujira mdogo na wengine bila ujira, miaka nenda miaka rudi. Gharama za ghala na mikutano zilibebwa na Ruby Central, shirika la Marekani lisilotafuta faida, lililotokana na mkutano wa kwanza wa Ruby uliofanywa Florida mwaka 2001. Mkono mmoja ulichota na kusafisha, mkono wa pili ulilipa. Na kwa kuwa watu walipendana, hakuna aliyeuliza kisima ni cha nani.

MATZ NI MPOLE

Msione ajabu kwamba hawakuuliza. Watu hawa wana msemo wao maarufu, nao ni huu: Matz ni mpole, basi nasi tuwe wapole. Hawana amiri wala kadhi; wana kielelezo. Mtu akija na swali la kipumbavu, hujibiwa kwa upole kwa sababu Matz angemjibu kwa upole. Nimeona vyama vyenye katiba ya kurasa arubaini visivyo na nusu ya heshima hiyo.

Na mapenzi yao si ya midomo. Kulikuwako mtu mmoja aliyejiita why the lucky stiff, msanii na mchezaji wa maneno, aliyeandika kitabu cha kufundisha Ruby chenye vichekesho na michoro ya mbweha wawili. Watu wengi waliingia katika lugha hii kwa mlango wake. Tarehe 19 Agosti 2009, bila ya kuaga, aliondoa kazi zake zote, michoro, kitabu na zana, akatoweka machoni pa wenziwe. Nao hawakulaani. Walianza kukusanya: huyu alikuwa na nakala ya hiki, yule ya kile, mpaka vikapatikana, na zana zake zikapewa walezi wapya. Sisi wa Mombasa twaijua kazi hiyo. Tungekuwa na nini cha Muyaka bin Haji leo, lau Mwalimu Sikujua hangezikusanya tungo zile vinywani mwa watu kabla hazijapotea?

Na alipofariki Jim Weirich mwezi Februari 2014, mmoja wa wale walioanzisha RubyGems kule Austin, watu waliijia kazi yake ya mwisho aliyoiacha pale ziwekwapo kazi za wote, wakaandika chini yake maneno ya shukrani na ya kumwombolezea, mmoja baada ya mwingine, mpaka mahali pale pa mistari ya programu pakawa kama kitabu cha rambirambi. Mpwa wangu alinionyesha. Nakiri kwamba nilifuta miwani.

MWEZI WA FITINA

Basi ni watu hao, wenye mapenzi hayo, walioingiliwa na mfarakano Septemba 2025.

Ruby Central ilichukua mamlaka ya makabati ya RubyGems na Bundler, yaani mahali panapohifadhiwa asili ya zana hizo, na watunzaji wa miaka mingi wakajikuta wameondolewa ruhusa za kuingia. Shirika lilieleza kwamba ni kwa ajili ya usalama. Na usalama si kisingizio cha kuchekwa: mwezi ule ule, ghala la lugha nyingine, liitwalo npm, liliingiliwa na wezi waliotia sumu ndani ya vifurushi vilivyokuwa vikitumiwa na mamilioni ya watu. Mwenye kulipia ghala ndiye atakayeulizwa pindi sumu ikiingia, kwa hiyo, walisema, yawapasa wajue ni nani ana ufunguo, na awe na mkataba.

Walioondolewa nao walikuwa na lao. Ghala, walisema, ni kitu kimoja, na zana ni kitu kingine. Kulipia umeme wa ghala hakukufanyi uwe mwenye zana tulizozilea kwa mikono yetu. Tena hata kama mwataka mikataba, mtu hutolewa nyumbani kwake bila ya kuambiwa? Baadhi yao walijiuzulu hadharani kwa uchungu, na mwezi wa Oktoba baadhi yao wakafungua ghala jingine, gem.coop, kwa mtindo wa ushirika.

Mpwa wangu alikuwa katikati. Mtambo anaoutunza, wa watu waliomwajiri, una vito zaidi ya mia mbili. "Mjomba," aliniambia, "mimi sijui nimwamini nani. Wote wawili nimekula kwao."

KISIMA CHA BABU

Nilinyamaza muda mrefu, si kwa kukosa jibu, bali kwa aibu. Kwani kisa kile nilikuwa nikikijua, nacho kilikuwa changu.

Marehemu babu yangu, mzaa mama, alichimba kisima mtaani kwetu akakitoa wakfu kwa wapita njia na majirani. Alikitoa kwa ulimi, mbele ya wazee. Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, mwenye hati nzuri kuliko wajukuu wote, aliniita akaniambia: "Chukua karatasi uandike maneno yangu juu ya kisima." Nikamwambia, inshallah babu, kesho. Nilikuwa na shairi la kumaliza. Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, babu akarejea kwa Mola wake na karatasi ni nyeupe.

Miaka ikapita. Jirani mmoja, mtu mwema, alileta pampu na akalipia umeme wake kwa muda mrefu bila ya kumdai mtu senti. Siku moja akatia kufuli. Sababu zake zilikuwa za haki: vijana walikuwa wakitupa taka ndani, na mtoto mmoja nusura atumbukie. Lakini kina mama waliofika alfajiri na ndoo zao walikuta mlango umefungwa na hakuna aliyewaambia. Mtaa ukagawanyika. Wengine walisema: ana haki, pampu ni yake. Wengine wakasema: pampu ni yake, maji ni ya nani? Watu waliosali safu moja miaka thelathini wakawa hawaamkiani.

Tulipoketi kusuluhisha, kila mtu alinigeukia mimi. "Wewe ndiwe mjukuu, na ndiwe mwandishi. Babu alisemaje?" Nilijua alisemaje. Lakini maneno ya mtu mmoja anayevutia upande wa babu yake yana uzito gani? Wazee waliosikia walikuwa wamekwisha kufa. Ilituchukua miezi mitatu kuandika ukurasa mmoja ambao ningeuandika kwa robo saa: maji ni ya wote, gharama za pampu zitachangwa na zitaandikwa, ufunguo ni wa watu wawili wasio wa nyumba moja, na hapana kufunga bila ya kutangaza. Suluhu ilipatikana, alhamdulillahi. Lakini wako wawili ambao mpaka leo wakionana hupitishana njia, na hilo naliona ni deni langu.

Hayo ndiyo niliyomwambia mpwa wangu usiku ule. Hakuwa ameyasikia.

AMANA ILIPORUDISHWA

Tarehe 17 Oktoba 2025 Matsumoto alitangaza kwamba makabati ya RubyGems na Bundler yatakuwa chini ya kundi lake, lile liitunzalo lugha yenyewe ya Ruby, na kwamba Ruby Central itaendelea kushirikiana nalo katika kuyaendesha. Zana zitabaki kuwa bure kama zilivyokuwa, na haki za walioziandika zitabaki kwao.

Wako walioridhika, wako walioona kwamba walioondolewa hawakurudishiwa heshima yao, na ghala la ushirika halikufungwa kwa tangazo hilo. Mimi si kadhi wa shauri lile. Ninaloliona ni hili: watu walipofarakana, waliirudisha amana kwa yule ambaye hakuna upande uliomtuhumu. Miaka thelathini ya upole ilikuwa akiba, na siku ya shida ikatolewa ikatumika. Hilo ni jambo kubwa, nani atakataa?

Lakini akiba hiyo ni ya mtu mmoja, na mtu ni wa kupita. Kielelezo chema chaweza kuzuia magomvi mia, lakini hakikwambii nani ashike ufunguo siku ambayo mwenye kielelezo hayupo. Upole hauandiki orodha ya wenye zamu. Wazee wetu waliliona hilo, ndiyo maana mwenye kuweka wakfu huambiwa ataje msimamizi, ataje wanufaika, ataje atakayemrithi msimamizi, na aite mashahidi. Si kwa kuwadhania watu ubaya, bali kwa kuwapunguzia wema wao mzigo.

NENO KWA VIJANA WETU

Siandiki haya kwa kuwapigia Wajapani na Wamarekani soga. Jamii hiyo ina watu wake hapa Kenya. Nairobi kumekuwa na mkutano wa Ruby tangu RubyConf Kenya ya mwaka 2017, na mwaka 2024 ulifanyika huko mkutano wa Afrika. Vijana wetu wa Pwani nao wamo, wengine wakifanya kazi za makampuni ya ng'ambo wakiwa wamekaa Kisauni au Malindi, bora umeme uwepo. Kila siku wachota kisima ambacho hawakukichimba. Hakuna ubaya, kisima kilichimbwa kinywewe. Lakini mchotaji naye ana wajibu: kama hawezi kuchimba, basi aokote taka, kama hawezi kununua pampu, basi aichungue kamba imelika wapi.

Mpwa wangu juma lililofuata alirekebisha kosa dogo katika maelezo ya kito kimoja akitumiacho, akalituma, likapokewa kwa shukrani. Alinipigia simu kama aliyefaulu mtihani.

Tena walikuwa wameazimia, yeye na wenziwe sita, kutengeneza kito cha Kiswahili, cha kuandika tarehe, hesabu na majina ya miezi kwa lugha yetu, wakitoe bure. Walinijia barazani wote saba kuniuliza juu ya maneno. Nikawaambia: "Maneno nitawapa. Kwanza nipeni karatasi." Wakatazamana. Nikawauliza: nani ana ufunguo? Akisafiri, nani wa pili? Mkitaka kumtoa mmoja wenu, ataambiwa na nani, na atapewa siku ngapi za kujitetea? Akija mfadhili na fedha zake, atanunua nini, na nini hakitauzwa kwake?

Mmoja wao akasema: "Lakini mzee, sisi ni marafiki."

"Ndiyo maana nasema leo," nikamjibu.

Waliandika ukurasa mmoja na nusu, wakatia sahihi, nami nikatia ya shahidi. Kalamu ilikuwa yangu. Nilipokuwa nikiwaazima nilimkumbuka babu na ile kesho yangu, nikawatungia ubeti huu wauweke juu ya hati yao:

Kisima kiko ndiani, wapitao wakateka,
Ndoo kamba wekeani, na mwengine akifika,
Hati yenu andikani, mapenzi hayajatoka,
Siku ya vita nyumbani, wino hautaandika.